Hujaniuliza Hali: Barua ya Wazi kwa Makungwi, Masomo na Mashangazi wa Unguja

Mtoni, Unguja

Bibi zangu na dada zangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, na baada ya kukuulizeni hali zenu, na hali za watoto na wajukuu, na za magoti ya wale miongoni mwenu ambao ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zimekwisha kuwawia ndefu, nakuarifuni kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa hapa Mtoni kwa miaka mingi, tena ni shangazi wa watoto sita, na mara mbili nimeitwa kuwa somo wa biarusi; kwa hivyo msiidhanie barua hii kuwa ni ya mtu wa mbali aliyekuja kutukosoa, kwani katika haya nitakayoyataja yamo niliyoyatenda mimi kwa ulimi wangu, nami nitayasema yatakapofika mahali pake.

Kilichonishikisha kalamu ni futi ya fundi cherehani. Ilikuwa Shaaban, mwezi ambao sisi watu wa Unguja huozana kama tunaofukuzwa na Ramadhani, na ukumbini kwetu walikaa wanawake kumi na watatu, kitambaa cha sare kimetandazwa juu ya mkeka, fundi amepiga magoti, pini mdomoni, daftari lake la shule limefunguliwa pembeni. Ilipofika zamu ya mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa akiingoja nguo ile tangu posa ilipopokewa, bibi mmoja wa hishima kubwa katika ukoo wetu alimtazama juu na chini, kisha akasema, "Fundi, huyo mzungushe mara mbili, futi yako moja haimtoshi." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Mtoto alifanya kama alivyofunzwa: aliinamisha kichwa, akatabasamu, na kwa mazoea ya adabu akamwambia yule bibi ahsante. Asiyecheka alikuwa fundi peke yake, ambaye aliandika hesabu yake daftarini kwa utulivu wa mtu anayeandika bei ya unga, akamwita anayefuata.

Harusi ikapita, sare ikavaliwa mara moja, na Ramadhani ikaingia. Hakuna mwezi ambao mtu asiyetaka kula hujificha kwa wepesi kama huo, kwa sababu mchana kila mmoja hali, na magharibi kila mmoja anaitazama sahani yake. Mbatata za nazi zilipopakuliwa, na kaimati, na tambi, yeye alikunywa uji kidogo, akala tende tatu, akaondoka upesi kuwahi tarawehe. Na kaka yangu akawa anajisifu kwamba binti yake amekuwa mcha Mungu. Daku alikuwa analala, au anasema amelala. Ilichukua siku kumi na nane mpaka alipoanguka bombani akitawadha, na pale ndipo mama yake alipomnyanyua, akaona jinsi mikono ya gauni la kushindia ilivyokuwa inacheza juu ya mabega yake. Nilipokaa naye usiku ule nikamwuliza ni nani aliyemwambia asile, alinijibu kwa sauti ndogo kabisa, wala si kwa hasira: "Nyinyi."

Neno lile ndilo linalonifanya nikuandikieni nyinyi wala nisiiandikie serikali, wala wizara, wala wenye maduka. Najua ya kwamba pale sokoni Darajani utaona vidonge vya kunenepesha nyonga vimetundikwa msumari mmoja na majani ya chai ya kukausha tumbo, na muuzaji atakusifia vyote viwili kwa pumzi moja kulingana na alivyokutazama ulipoingia. Lakini mtoto haendi dukani kabla ya kuambiwa kwamba amepungua au amezidi, na aliyemwambia mara nyingi ni mmoja wetu, naye amemwambia kwa mapenzi, mahali pa salamu.

Yatazameni majina tuliyonayo. Mnene tunamwita tipwatipwa, bonge, pipa; mwembamba tunamwita kimbaumbau, au tunasema amekonda kama ng'onda. Dada yake huyu mtoto ni mwembamba kwa maumbile, kama alivyokuwa bibi yao, naye hasalimiki: kila akiingia mahali huulizwa kama nyumbani hawapiki. Wote wawili wanakula chungu kimoja. Mwali tunamweka ndani, tunamsinga kwa liwa na dalia, tunamlisha mpaka anawiri, na watu wakimwona husema mashallah. Akishazaa watoto wawili, mwili ule ule tuliousifia kwa vigelegele tunauita mzigo, na mawifi wanamshauri mumewe abadilishe kitanda. Nani awezaye kuishi katika mwili ambao hukumu yake inageuka kila baada ya miezi tisa?

Khofu yetu ya wembamba ina chanzo ambacho si cha upuuzi. Tangu mwaka 1983, ulipogunduliwa Kagera ule ugonjwa wa UKIMWI, ambao jirani zetu wa Uganda waliuita siliimu, kukonda kulikuwa ni khabari, na khabari yenyewe ilikuwa ya kifo. Watu wa wakati wangu walijifunza kuusoma mwili wa mtu kama barua iliyoachwa wazi. Hapa nilikuahidini kusema la kwangu. Katika miaka ya tisini mwalimu mwenzangu alirudi kutoka likizo amepungua sana, nami nikampokea mlangoni mwa chumba cha walimu kwa kumwuliza mbele ya wote, "Mbona umekwisha hivi?" Sikukusudia shari. Lakini kuanzia kesho yake kikombe chake cha chai hakikushikwa na mtu mwingine, kikawa kinakaa peke yake kwenye pembe ya sinia, na mwisho wa mwaka akaomba uhamisho. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa na maradhi ya tezi ya shingo, akatibiwa, akapona, akanenepa tena. Mimi sikuwahi kumwomba radhi uso kwa uso, na kikombe kile bado nakiona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwani sikukuandikieni ili tulie pamoja. Sisi watu wa pwani tuna adabu nzuri isiyomruhusu mdogo kumjibu mkubwa, na mimi niliyefundisha watoto kwa miaka thelathini sitaki adabu hiyo ifutwe. Walakini maadamu mdogo hana ruhusa ya kujibu, basi mkubwa amepewa upanga, na mwenzake hakupewa hata ngao. Watu wazima wakifanyiana tashtiti wana njia zao. Mwanamke wa Unguja akisemwa na jirani huingia dukani akachagua kanga ambayo jina lake linamtosha, akaivaa na kupita mlangoni pa yule jirani asubuhi na jioni, wala hakuna wa kumshika kwa neno. Na kama kanga haikutosha ipo taarab, ambako mtu hunyanyuka na noti mkononi, akamtunza mwimbaji huku akimtazama anayemkusudia. Mtoto wa miaka kumi na minne hana kanga yake, wala hana noti ya kutunzia.

Na kwa kuwa nimeitaja taarab, nani kati yetu asiyemjua Siti binti Saad? Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, kwa wafinyanzi, akawa anachukua vyungu kichwani kuja kuviuza mjini, mpaka sauti yake ilipofika kusikika majumbani mwa wakubwa, na mwaka 1928 kuvuka bahari hadi Bombay ikatiwa katika sahani za santuri. Walikuwapo waliouonea gere utukufu wake, nao hawakuishambulia sauti, kwa sababu sauti haikuwa na pa kushambuliwa. Waliushambulia utu wake, asili yake, na kaniki aliyokuja nayo mjini, wakaimba kuuliza lini amekuwa mtu, na bila ya koo lake angalikula nini. Naye hakukaa kimya, wala hakuwarudishia tusi lao. Alijibu kwa wimbo, akawaambia kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, na kwamba aliyekhasirika ni yule aliyekosa akili. Yeye alifariki mwaka 1950, Shaaban Robert akaandika wasifu wake, na jibu lile mpaka leo linajulikana na watoto wa skuli, ilhali majina ya waliomtukana hapana ayakumbukaye. Mnaona basi kwamba kumjibu mwenye kukudharau si utovu wa adabu katika mji huu. Ni fani, na tumeirithi. Lililo geni ni kwamba hatuwafunzi wadogo zetu.

Tena tuseme kweli: nyinyi makungwi mnawafunza mambo ambayo mimi mwalimu nisingethubutu kuyaandika ubaoni. Mwali anatoka kwenu anajua hesabu ya siku zake, anajua kujitia udi na asumini, anajua namna ya kuingia na namna ya kutoka, na anajua kwamba mwili wake si wa kuuonea haya mbele ya aliye halali yake. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka tarehe 17 Aprili 2013, aliupiga msondo wa unyago mpaka uzeeni, naye mwenyewe hakuwa na hata ratili ya kuigawa, mkavu kama kijiti cha udi, sigara mkononi. Na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX mbele ya watu wa muziki wa dunia nzima. Sijui mtu aliyemtazama jukwaani akatamani anenepe. Lakini katika elimu yote hiyo ya mwili mnayoitoa ndani ya chumba kilichofungwa, hamna somo hata moja la nini mwali aseme pale atakapotoka nje, na wa kwanza kumlaki akamwambia, "Aa, mbona hukunenepa?"

Na mfano wa kuutaja mwili wa mtu bila ya kumdharau siendi mbali kuutafuta: nakaa karibu na magofu ya kasri la Mtoni, na jioni hupenda kutembea mpaka pale ambapo mto unaingia baharini. Sayyid Said bin Sultan alikaa hapa baada ya kuhamia kutoka Maskati, na benjile yake, yaani roshani ya mbao ambamo alikuwa akienda na kurudi, imekwisha kuanguka. Hapa ndipo alipozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844, ambaye katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 amekadiria kwamba nyumba ile ilikuwa na watu kiasi cha elfu moja. Juu ya watu wote hao alitawala Bibi Azza binti Seif, mke mkubwa wa Sayyid, na Salme anatueleza kwamba alikuwa wa kimo kifupi sana, wala kwa nje hakuwa na kitu cha kumfanya mtu ageuke kumtazama, ila neno lake lilikuwa ndilo neno, na Sayyid mwenyewe alilisikiliza. Salme hakumpenda mama huyu, na chuki yake hakuificha. Anachomlaumia ni majivuno yake, na kujiweka kwake mbali na watu. Kimo amekitaja kama mtu anavyotaja rangi ya mlango, kisha akaenda kwenye shauri alilokuwa nalo. Mimi nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara huniingia fikira kwamba hata katika kuchukiana pana namna ya kuchukiana kwa insafu.

Wala dini haikutuachia nafasi ya kubabaisha. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya, na katika kukataza huko wanawake wametajwa peke yao baada ya wanaume, kana kwamba Mola wetu alizijua baraza zetu. Imepokewa kwamba Bibi Aisha alimtaja mke mwenzake Bibi Safiyya kwa ufupi wa kimo chake, neno moja tu, wala mwenyewe hakuwapo. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Na maswahaba walipocheka wembamba wa miundi ya Ibn Masud aliwaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Akhera ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Nikisimama pale mdomoni mwa mto, nikaiangalia bahari yote ile mpaka inapokutana na mbingu, huwaza ni kiasi gani tumekwisha kuitia rangi.

Najua baadhi yenu mtanijibu: tunasema kwa ajili ya siha yao. Sukari imeingia kila nyumba, presha imeingia kila nyumba, na mjini petu hapana mtaa usio na mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, je, tunyamaze? Jawabu langu ni kwamba msinyamaze, bali mseme na mtu faraghani, mkiwa mmekaa naye, mkiwa tayari kupika pamoja naye na kutembea pamoja naye, kwani asiyeweza kufanya hayo matatu hana nasaha, ana maneno tu. Kejeli haijapata kumpunguza mtu. Wataalamu wa University College London walitoa mwaka 2014 matokeo ya kuwafuatia watu wazima 2,944 kwa muda wa miaka minne, wakakuta kwamba wale waliosema wamedharauliwa kwa ajili ya uzito wao waliongezeka uzito, na wale ambao hawakudharauliwa walipungua kidogo. Hata kile kipimo cha kugawanya kilo kwa urefu wa mtu uliozidishwa kwa urefu wenyewe, ambacho wajukuu zetu wanakipiga siku hizi kwenye simu na kutokwa na machozi, asili yake ni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika mwaka 1832, naye alikuwa mtu wa hisabati na nyota, akitafuta wastani wa watu wengi kwa jumla. Hakuwa tabibu, na hakumpima msichana yeyote wa Mtoni. Tabibu mwenye ujuzi hukitumia kama mlango wa kuulizia, kisha huuliza mengine. Sisi tumekifanya kuwa mlango wa kutokea.

Ombi langu kwenu, basi, ni dogo, na nimelipunguza makusudi ili asiwepo wa kusema kwamba halimkiniki. Nawaombeni nyinyi makungwi na masomo muongeze somo moja katika yale mnayoyatoa, nalo ni jibu. Na nyinyi mashangazi mtoe idhini hadharani, mbele ya wadogo zenu, kwamba jibu hilo likitolewa kwa sauti ya upole halitahesabiwa kuwa ni ukosefu wa adabu. Jibu nimelitafuta kwa muda. La ukali nililiacha, kwa sababu mtoto wetu angelitetemekea. La mzaha nililiacha pia, kwani kujicheka mwenyewe mbele ya wanaokucheka ni kuwasaidia. Nilirudi kwenye jambo ambalo sisi Waswahili hatuna mshindani wake, yaani salamu, ambazo mgeni akizisikia hudhani hazitakwisha: u hali gani, habari za nyumbani, za tangu juzi, watoto hawajambo, mzee amepata nafuu? Katika mlolongo wote huo hamna swali la kilo. Aliyeutaja mwili wa mwenzake huwa ameziruka salamu, na hilo mtoto anaweza kumkumbusha mkubwa wake bila ya kuvunja hishima ya mtu. Nikamfunza mtoto wa kaka yangu maneno haya: "Mwili wangu haujambo, shangazi, mimi ndiye hujaniuliza hali."

Tulikuwa jikoni, yeye amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mara ya kwanza aliyasema kwa sauti ndogo hata mkwaruzo wa mbuzi ukaimeza, nikamwambia arudie. Mara ya pili aliyasema akiitazama nazi. Mara ya tano, baada ya kuweka kifuu chini na kujifuta mikono, alinitazama mimi, na mimi niliyekuwa nikimfundisha nilijikuta nimetafuta pa kuyaweka macho yangu, kwa kuwa nilikumbuka ukumbi ule, na kitambaa cha sare, na kicheko changu.

Anakula sasa, alhamdulillahi, si sana, na bado huuliza nani yupo mezani kabla ya kukaa. Sitakudanganyeni kwamba amepona kwa maneno manane.

Katika ukoo wetu ipo harusi nyingine, mwezi wa mfunguo nne inshallah, na kitambaa kimekwisha kununuliwa. Mara hii ni cha rangi ya zambarau. Fundi ni yule yule. Atakuja hapa kwangu siku ya Alkhamisi baada ya laasiri, na watu watakaa kama walivyokaa, na mtoto atasimama mbele yake na mikono ameinyoosha. Wale mtakaokuwapo mmekwisha kujua atakachokisema, na kwamba mimi ndimi niliyemfunza.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu, shangazi wa watoto sita,
Mtoni